Ng'ombe wa ndani na kwato zake, usikimbilie kisu

Wafugaji wenzangu wa Tanga, hasa sisi wa Pongwe na Muheza tunaofugia bandani, maziwa yakipungua tunalaumu pumba, tunalaumu mbegu, kuinama tu kuangalia miguu hakuna anayejisumbua. Ng'ombe akiumwa kwato hasimami kwenye hori, anakula kidogo analala, sasa hayo maziwa yatatoka wapi?

Kwato inakua kama milimita 5 kwa mwezi. Ng'ombe wa kuchungwa anazisaga njiani, ila huyu wetu anayeletewa matete mpaka mdomoni atazisaga saa ngapi? Ndo unazikuta zimebinuka mbele kama omo la ngalawa na mnyama anakanyagia kisigino.

Mimi nakatisha kwato mara 2 kwa mwaka, mwenye mimba kubwa simgusi. Namwita fundi anayejua na nasimama palepale namwangalia. Anamfunga ng'ombe vizuri, anaosha mguu, anapima kwa mbele kuanzia nywele zinapoishia mpaka nchani, inabaki sentimita 7.5 hivi, kama vidole vinne vya mtu mzima. Halafu anageuza mguu anapunguza chini kidogo kidogo, kila akitoa kipande anabonyeza kwa dole gumba, ikibonyea tu au ikianza rangi ya pinki kisu kinawekwa chini. Mguu wa nyuma akianza na kwato ya ndani usishangae, hiyo ndo kipimo, ya nje ndo inayobeba mzigo na ndo inayougua sana. Ila vijana wanaopita na panga mtaani hapana kwakweli, bora zibaki ndefu.

Na hata fundi awe mzuri vipi, banda likiwa tope umetupa hela. Masika hii mkojo na mavi vinalainisha ngozi ya katikati ya kwato, vijidudu vinapenya, asubuhi unakuta mguu umevimba pande zote na unanuka. Hapo ni daktari wa mifugo na sindano, na maziwa usipeleke kituoni mpaka siku za dawa ziishe. Pumba nazo ukimjazia kwa pupa ili akamuliwe zaidi, tumbo linajaa asidi na kwato inaharibikia ndani kwa ndani, utaona tu anatembea kama sakafu ina moto. Matete kwanza, pumba ugawe mara kadhaa kwa siku.

Mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, unasaidia kukinga miguu ikichovywa humo, gramu 500 kwenye maji lita 10, chombo cha plastiki, miguu ioshwe kwanza maana mavi yanaua nguvu ya dawa. Wasinywe, na kama una kondoo waweke mbali kabisa, shaba inawaua kirahisi.

Ila ukiona wanachechemea zaidi ya mmoja na udenda unawatoka, hapo habari ya kukata kwato achana nayo, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mpigie afisa mifugo, na mtu wa banda lako asiende kukamua kwa jirani.