Maswali ya wenye nyumba: mwombaji, dalali na mbwa

*Nina nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Dalali ameniletea waombaji wanne kwa siku moja, na kila mmoja yuko tayari kulipa kodi ya miezi sita papo hapo. Nimchague nani? — Mama mwenye nyumba*

Mama, usimchague kwa sababu tu ametangulia kutoa fedha. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inakuonyesha kwamba mtu anazo fedha leo. Haikuonyeshi atakavyolipa mwezi wa saba, wala atakavyoishi na jirani. Dalali naye, ambaye kwa desturi hulipwa kodi ya mwezi mmoja mara mpangaji anapoingia, hana haraka ya kukueleza kasoro za mtu aliyemleta mwenyewe.

Waulize wote wanne mambo yale yale: kitambulisho cha NIDA, shughuli inayowapatia kipato, idadi ya watakaoishi humo, na namba za wenye nyumba wawili waliotangulia. Nasema wawili kwa makusudi, kwa kuwa yule wa sasa anaweza kumsifia mpangaji msumbufu ili amwondokee, ilhali yule wa kabla yake hana tena cha kupata wala kupoteza. Mtumishi aliyehamia na wizara yake Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anaweza kuleta barua ya mwajiri; mfanyabiashara hana barua hiyo, hivyo nenda dukani kwake ununue hata sabuni, uone kama duka lipo. Usisahau kuulizia maji: umeme wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, lakini ankara ya maji huja baadaye, na mara nyingi hilo ndilo deni linalobaki mlangoni pako mpangaji akishahama.

*Je, naweza kusambaza nakala za vitambulisho vya waombaji katika kundi letu la WhatsApp la wenye nyumba, ili tuwabaini wasumbufu? — Msomaji wa Ilazo*

Usifanye hivyo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aliyekupa nakala yake ili apange nyumba hakukupa ruhusa ya kuitangaza. Uliowakataa warudishie nakala zao.

*Mwombaji mzuri kwa kila hali ana mbwa wawili. Nyumba yangu ina wapangaji watatu wanaotumia ua mmoja. Nimkatae? — Mzee wa Nzuguni*

Mzee wangu, kama angepanga nyumba nzima yenye uzio ningekushauri umkubali kwa masharti, kwani wengi wetu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na uwepo wao hutusaidia sote. Ua wa pamoja ni jambo lingine. Waulize kwanza wapangaji uliokwisha kuwapokea: kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na mama anayeanika nguo za kuswalia kwenye kamba ya uani ana haki ya kusikilizwa kabla mbwa hajafika, si baada ya ugomvi.

Wakikubali, neno "mifugo" pekee lisitoshe katika mkataba. Andika kwamba ni mbwa wawili, kwamba watafungiwa mchana na kufunguliwa lango likishafungwa usiku, nani atazoa kinyesi, na kiasi cha amana ya uharibifu utakachokirudisha kwa stakabadhi. Kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa uzione kwa macho yako na uzidai tena kila mwaka, kwa sababu ugonjwa huo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Asiyekuwa na kadi hizo asipewe funguo, hata akiongeza kodi.

*Na kuku? — Msomaji wa Nkuhungu*

Watatu au wanne wa kienyeji si tatizo. Banda la kuku wa kisasa mia mbili ni biashara, nawe ulipangisha makazi.

*Mpangaji wangu ameingiza mbwa kimya kimya. Mkataba hausemi lolote. Naweza kumfukuza? — Msomaji wa Chang'ombe*

Kwa kosa ambalo hukulikataza, msingi wako ni dhaifu sana. Mwite mzungumze, akuonyeshe kadi ya chanjo, kisha mwandike nyongeza ya mkataba na kuitia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Asipotaka kusaini, subiri muda wa mkataba uishe, umpe notisi ya maandishi kwa muda mliokubaliana, na mkataba wa mpangaji ajaye uwe na kifungu hicho tangu siku ya kwanza.