Nini maana ya "jawami'ul-kalim"?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Khatibu wetu Ijumaa alisema Mtume (s.a.w.) alipewa "jawami'ul-kalim", akapita bila kueleza. Nini maana yake na limetoka wapi? Je, ndiyo kusema maneno machache siku zote ni bora?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, neno hili limetoka kinywani mwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Amepokea Abu Huraira (r.a.) katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: "Nimetumwa na jawami'ul-kalim." Shina lake ni kukusanya, shina lile lile lililotupa jamaa, jamii na Ijumaa, kalim ni maneno. Basi ni maneno yaliyokusanya mengi katika lafudhi chache. Wanazuoni wameiingiza humo Qur'ani pia, kama aya ya 90 ya Suratun-Nahl inayoamrisha uadilifu na wema.

Tazama hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Abu Daud. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akamwona ana kasoro, akamrudisha. Muuzaji akadai chumo la siku zile. Mtume (s.a.w.) akasema: "Al-kharaju bidh-dhamani." Maneno mawili tu: chumo ni la anayebeba dhamana. Leo ukinunua bajaji, ukaifanyia kazi, ukagundua injini ilikuwa mbovu tangu kwa muuzaji na ukairudisha kwa haki, hesabu za siku hizo ni zako, maana ingeungua mikononi mwako hasara ingekuwa yako. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wameifanya kanuni, wakaamulia kwayo kesi nyingi za mauziano ambazo wale wawili hawakuziwazia.

Ama swali lako la pili, hapana. Mtu anaweza kusema kidogo akawaacha watu gizani. Mtume (s.a.w.) alizungumza taratibu, hata mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake angeweza, na Anas (r.a.) anasema alikuwa akilirudia neno mara tatu mpaka lieleweke. Kinachotafutwa ni maana itimie.

Hata hivyo kwenye mimbari ufupi umeamrishwa waziwazi. Ammar bin Yasir (r.a.) alitoa khutba fupi yenye ufasaha. Alipoteremka wakamwambia, lau ungerefusha kidogo! Akawasomea hadithi, imo katika Muslim, kwamba urefu wa Swala ya mtu na ufupi wa khutba yake ni alama ya ufahamu wake wa dini: "Basi refusheni Swala na fupisheni khutba." Wengi wetu tumepindua. Khutba inakwenda mpaka walioko nje wanaungua na jua, kisha Swala inapigwa mbio. Jambo hili linaniuma sana, kwa kuwa amri yenyewe iko wazi.

Khatibu wako mfuate baada ya Swala, kwa adabu, umwombe Ijumaa ijayo awafafanulie watu hadithi moja katika hizi fupi.

Wallahu a'lam.