Jibu refu kwa aliyeuliza kuhusu Forester: Subaru imetoka wapi, na jina baya limetoka wapi

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo. Umeona Subaru Forester ya 2005 inauzwa Iringa kwa bei inayokunyima usingizi, shemeji yako amekwambia Subaru ni gari la wahuni linalokunywa mafuta na kufa gasketi (kile kizibo bapa kati ya injini na kichwa chake), na unataka kujua hiyo kampuni yenyewe ni watu gani. Waliotangulia wamekujibu "chukua Toyota ulale" wakaondoka zao. Mimi nina Forester mwaka wa tisa sasa, niliiua mara moja nikaifufua, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na jina. Subaru ni Kijapani, na ni jina la lile kundi la nyota ambalo wazee wetu huliita Kilimia. Ndiyo hicho hicho cha methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Itazame nembo vizuri: nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Hizo tano ni kampuni tano zilizoungana kuanzia mwaka 1953 kuunda Fuji Heavy Industries, ambayo ndiyo hiyo kubwa. Rais wake wa kwanza, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina. Kwa hiyo kijana wa Sinza anayekukosesha usingizi saa nane za usiku kwa eksozi yake anaendesha Kilimia, ila hajui.

Na hizo tano zilitoka wapi? Hapa ndipo penye utamu, na ukipaelewa hapa utaelewa mpaka gasketi. Zilikuwa vipande vya kampuni ya ndege, Nakajima, iliyoanzishwa mwaka 1917 na Chikuhei Nakajima katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma. Wakati wa vita vya pili ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita Japani. Injini yao ya Sakae ndiyo iliyokuwa ndani ya ile ndege maarufu ya Zero, ingawa Zero yenyewe ilibuniwa na Mitsubishi. Vita vilipoisha mwaka 1945 Wajapani wakakatazwa kutengeneza ndege, na kampuni ikakatwakatwa. Wahandisi waliozoea injini za ndege wakajikuta wanatafuta cha kufanya ili wapate wali wa jioni. Mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na za mwanzo zilitumia magurudumu ya mkia wa ndege za vita yaliyobaki stoo. Ndugu zangu wa gereji za uani mtawaelewa watu hawa: kilichopo ndicho kinachofungwa.

Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi lilikuja 1958, Subaru 360, kadude ka cc 356 ambako Wajapani walikapachika jina la mdudu, yule mwekundu mwenye madoa. Aliyeongoza kazi hiyo ni Shinroku Momose, naye alikuwa fundi wa injini za ndege Nakajima. Japani kalipendwa sana. Mwaka 1968 kakapelekwa Marekani na mfanyabiashara Malcolm Bricklin, huko kakadhalilika: jarida la watumiaji, Consumer Reports, lilikapima mwaka 1969 likasema halikubaliki. Kalikuwa kepesi kiasi cha kutobanwa na sheria za usalama za magari makubwa, na Mmarekani aliyezoea gari la ukubwa wa sebule alikaona kama jeneza. Ajabu ni kwamba nchi hiyo hiyo leo ndiyo inayonunua sehemu kubwa ya magari yote ya Subaru. Na wanunuzi wenyewe? Walimu, manesi, watu wa kupanda milima na mbwa wao siti ya nyuma. Mwambie shemeji yako hilo, kwamba gari la wahuni ni hapa kwetu tu, kwingine ni gari la mwalimu mkuu.

Sasa injini. Mwaka 1966 Momose na wenzake walitoa Subaru 1000, na humo ndimo ilimoanzia injini ya boksa. Injini ya kawaida imesimama, pistoni zinapanda na kushuka. Ya Subaru imelala kifudifudi, pistoni zinakwenda kushoto na kulia, zinakutana na kuachana kama mabondia wanaogonganisha glavu. Imekaa chini sana, kwa hiyo uzito wa gari uko karibu na lami, na kwenye kona gari linashika barabara kama kenge. Pia haitetemeki sana, maana pistoni ya huku inatulizwa na ya kule. Kampuni nyingine zilijaribu zikaacha. Leo ukiacha Porsche na Subaru, hutapata mwingine anayezitengeneza kwa wingi kwa ajili ya magari.

Tairi nne nazo zina kisa chake. Shirika la umeme la kaskazini mwa Japani, Tohoku, lilitaka gari la mafundi wake wanaokagua nyaya milimani kwenye theluji. Jeep walikuwa nazo, lakini ndani ya Jeep ni baridi na mgongo unauma. Wakaomba gari la kawaida linalovuta kwa tairi zote. Ndiko ilikotoka Leone ya tairi nne ya mwaka 1972, gari dogo la familia lenye uwezo wa kupanda mlima. Mfumo wenyewe ulinyooka tu nyuma ya injini iliyolala, bila kuzungukazunguka.

Kuhusu sifa ya mbio, nitapita haraka kwa sababu kila mtu anaijua. Mwaka 1989 Legacy ilizungushwa kwenye uwanja wa majaribio Arizona kilomita 100,000, usiku na mchana, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Impreza ikaja 1992, na katika mashindano ya dunia ya rali Colin McRae akachukua ubingwa 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Safari Rally McRae aliishinda na Impreza 1997, Burns akaishinda 2000. Lakini kwangu mimi shujaa wa Subaru katika Safari ni Mkenya Patrick Njiru. Mwaka 1993 aliingia na Vivio, kigari cha cc 660, vumbi lile na mashimo yale, akamaliza wa kumi na mbili. McRae naye alikuwa na Vivio mwaka huo huo, hakumaliza. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori njia ya Arusha na Nairobi, na hadithi hiyo aliisimulia kila alipoona mtu anadharau gari dogo. Nadhani ndiyo iliyoniponza.

Maana nilinunua yangu, Forester ya 2004, lita mbili, isiyo na tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini), kwa mapenzi tu wala si kwa akili. Miaka miwili haikunidai kitu zaidi ya oili na brekipedi. Halafu nikapata safari ya Dar kwenda Mbeya. Siku mbili kabla, mpira wa rejeta ulikuwa umezeeka, nikampelekea fundi mmoja wa karibu na nyumbani. Alibadilisha mpira, akamwaga maji ya bomba mpaka juu, akafunga mfuniko. Dakika ishirini kazi imeisha, nikamsifu kwa wepesi. Thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini, aliitoa kabisa, "hapa ni Afrika bosi, hii ya nini".

Kumbe injini iliyolala inaficha hewa. Maji ukiyamwaga haraka, mapovu yanabaki ndani, na huwezi kuyaona. Inatakiwa ujaze taratibu, ufungue kile kifuniko kidogo cha kutolea hewa kwenye kona ya rejeta, uwashe gari hita ikiwa wazi, usubiri, uongeze tena. Ni kazi ya saa nzima ya kusimama na kutazama. Yule fundi hakuijua, na mimi sikuuliza.

Tambarare gari lilikwenda vizuri, Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu. Nikaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda na mimi. Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu mwenyewe ambao siwezi kumsingizia fundi: nikasema nitasimama Ilula, si mbali. Nilifika Ilula kweli. Gari halikufika.

Mzee mmoja fundi wa Iringa ndiye aliyelivuta. Alilitazama, akaniuliza swali moja: "Mshale ulipopanda ulisimama baada ya muda gani?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi gasketi zote mbili." Ndiyo, mbili. Injini ya kusimama ya silinda nne ina silinda hedi (kile kichwa cha injini) moja, ya boksa ina mbili, kulia na kushoto, na nafasi ya kuzifungua gari likiwa zima ni ndogo mno, kwa hiyo aliishusha injini yote. Wiki nzima nililala gesti. Silinda hedi zilipelekwa kusawazishwa, gasketi mpya, mkanda wa taimingi mpya, pampu ya maji, na thamostati ikarudishwa mahali pake. Tangu hapo ni miaka saba, Kitonga nimepanda sina hesabu, na mshale haujawahi kuvuka nusu.

Sasa nikujibu hoja za shemeji, maana si mwongo, ila amechanganya mambo.

Gasketi: jina hilo lilitokea zaidi Marekani, kwa injini za EJ25 za lita 2.5, hasa za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, zilizokuwa zikivuja kweli. Nyingi zinazoletwa kwetu kutoka Japani ni za lita mbili, na hizo kwa kawaida hufa kwa kuchemshwa, kama nilivyofanya. Toyota ya kawaida ukiichemsha kidogo pengine itakusamehe. Subaru inaweka kumbukumbu.

Mafuta: yangu mjini inanipa kilomita nane hadi tisa kwa lita, barabara kuu kumi na moja na kidogo. Kumbuka inazungusha tairi nne muda wote, si pale unapobonyeza kitufe tu. Yenye tabo ni habari nyingine, hiyo inakunywa kweli, na Japani imepangiwa petroli ya daraja la juu. Usiinunue kama bajeti yako ni ya kuhesabu.

Uhuni: ule mngurumo wa gudugudu unatokana na mabomba ya eksozi ya zamani yaliyotofautiana urefu kutoka kila silinda. Legacy ya mwaka 2003 waliyasawazisha, mngurumo ukapotea, na wapenzi wakalalamika. Kwa hiyo wahuni wenyewe ndio wanaolipia kelele zirudishwe.

Wengine hapa juu wameandika kwamba Subaru ni ya Toyota. Si sahihi. Kwanza alikuwepo Nissan na hisa zake, mwaka 1999 General Motors akanunua asilimia 20, alipouza 2005 Toyota akaingia kidogo kidogo, leo ana kama asilimia 20. Ndiyo maana BRZ ya Subaru na Toyota 86 ni mapacha, na injini yao ni boksa. Na wasikudanganye kwamba ni malaika: mwaka 2017, mwaka ule ule walipoacha jina la Fuji na kujiita Subaru Corporation, walikiri kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari kiwandani ulikuwa ukifanywa pia na watu wasio na sifa zilizotakiwa, wakarudisha magari kwa maelfu. Injini mpya za FB, zilizoingia Forester mwishoni mwa 2010, zina cheni badala ya mkanda, hilo ni zuri, lakini za miaka ya mwanzo zililalamikiwa sana Marekani kwa kula oili.

Hiyo ya Iringa basi. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, rudi kesho yake. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta: unataka kuona kulanti ya rangi (maji maalumu ya kupozea injini), maji yenye kutu ni dalili ya mwenzangu na mimi. Washa, angalia kama mapovu yanatoka bila kukoma. Omba ushahidi wa mkanda wa taimingi, wenyewe husema kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagongana na pistoni na umenunua chuma chakavu. Kagua tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Aliyefunga mbili mpya na mbili vipara ameiumiza gia boksi bila kujua. Plagi uliza zilibadilishwa lini, kwa sababu ziko pembeni huko chini, fundi mvivu hazigusi, inabidi atoe betri na boksi la filta ya hewa kwanza. Halafu iendeshe, na usiishie mjini. Teremka nayo mpaka chini ya Kitonga, ugeuze, upande nyuma ya lori lenye mzigo. Mwenye gari akikataa, utakuwa umepata jibu na nauli ya kurudi.

Na kama utainunua niandikie inboksi, nitakupa namna ya kumpata yule mzee. Bado yupo, ila sasa anaanza kazi saa tatu.