Maswali ya Wasomaji: Silinda ya hewa imeshindwa kuinua mfuniko

SWALI: Ndugu Mhariri, katika karakana yetu tumetengeneza mashine ya kuchanganyia chakula cha mifugo. Mfuniko wake wa bamba la chuma una uzito wa kilo 40, na kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wa mbele una sentimita 120. Tumefunga silinda moja ya hewa yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40, sentimita 15 kutoka kwenye bawaba, nayo imelala kwa pembe ya nyuzi 20 hivi na mfuniko. Kompresa inatoa bar 6, lakini mfuniko hautikisiki. Je, tununue kompresa kubwa zaidi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, kompresa yenu haina kosa. Tatizo liko mahali mlipoifunga silinda, na hilo lisiporekebishwa, fedha ya kompresa mpya itapotea bure.

Uzito wa kilo 40 ni kani ya nyutoni 392 hivi. Ikiwa bamba lina unene uleule kote, kani hiyo hukaa katikati yake, yaani sentimita 60 kutoka kwenye bawaba, kwa hiyo mfuniko ukiwa umelala huleta momenti, yaani nguvu ya kuzungusha kwenye bawaba, ya nyutoni-mita 235. Silinda hupambana na momenti hiyo kwa kani yake ikizidishwa kwa umbali mfupi kabisa kati ya bawaba na mstari ambao silinda inasukumia. Kwenu umbali huo ni sentimita 5 tu na kidogo, kwa sababu silinda imelala mno, hivyo inatakiwa kani ya karibu nyutoni 4,600. Silinda ya milimita 40 kwa bar 6 hutoa takriban nyutoni 750, yaani chini ya moja ya sita ya kinachohitajika.

Ningewashauri mtumie silinda mbili, moja kila upande, nje ya kuta za mashine ambako vumbi la chakula halizifikii kwa urahisi. Pini ya chini iwe sentimita 50 wima chini ya bawaba yenyewe, na pini ya juu iwe kwenye sikio lililochomelewa ubavuni mwa mfuniko, sentimita 30 kutoka kwenye bawaba. Mfuniko ukiwa umefungwa, umbali wa pini hadi pini utakuwa sentimita 58 hivi, na silinda ikisukuma sentimita 20 mfuniko utafunguka hadi nyuzi 65.

Hapa mafundi wengi hupiga hesabu ya mwanzo wa safari peke yake. Kwa mpangilio huu, mwanzoni inatakiwa kani ya nyutoni 910 hivi kwa jumla, lakini mwishoni hupanda hadi nyutoni 1,230, ingawa momenti ya mfuniko imepungua, kwa kuwa mstari wa silinda umeisogelea bawaba. Kila silinda basi ibebe nyutoni 615. Ile ya milimita 40 ingetumia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake, na hiyo haiachi akiba ya kutosha kwa msuguano wa sili (mipira inayozuia hewa isivuje) na presha inayoshuka kabla kompresa haijawaka tena. Chagueni milimita 50, ambayo kwa bar 6 hutoa karibu nyutoni 1,180.

Silinda iliyojifunga yote huenda ikawa fupi kuliko sentimita 58 zinazotakiwa. Pengo hilo lijazwe kwa kipande imara cha kurefusha fimbo ya pistoni. Milimita chache za mwendo zibaki, ili mfuniko ukifungwa uzito wake ukae kwenye ukingo wa mashine na si juu ya pistoni.

Ncha zote mbili lazima ziwe na pini zinazozunguka, kwa sababu silinda hubadilisha pembe muda wote mfuniko unapopanda. Mkiichomelea ncha moja isicheze, fimbo itasukumwa upande, nayo itakula bushi (kola inayoiongoza fimbo) na sili hadi hewa ianze kuvuja.

Kasi idhibitiwe kwa kubana hewa inayotoka kwenye silinda, hasa upande wa chini ya pistoni, maana mfuniko ukishuka uzito wake ndio unaousukuma. Kwenye tundu hilohilo la chini la kila silinda fungeni vali ya kuzuia hewa kurudi, ile inayofunguliwa kwa hewa ya amri, yaani hewa inayotumwa pale tu mnapotaka mfuniko ushuke, ili mpira wa hewa ukipasuka mfuniko usianguke. Hata hivyo, hewa isitegemewe kamwe kuwa ndiyo nguzo: anayeingiza mikono ndani kusafisha aweke kwanza gongo la chuma la kuutegemeza mfuniko, na mota ya kuchanganyia iwe na swichi inayokata umeme mara tu mfuniko unapoinuka.