Maswali ya Wasomaji: London hadi Paris kwa Treni, Familia Nzima

Likizo za shule zinapokaribia Uingereza, barua nyingi zinazotufikia ni za treni ya Eurostar. Leo tunajibu nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana hapo ndipo familia nyingi huachwa na treni.

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi Leicester. Tunakwenda Paris kwa wifi yangu: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 13, 7 na 2, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Sote tuna pasipoti za Uingereza. Eurostar inaondoka saa 4:30 asubuhi. Treni ya Leicester inatufikisha stesheni ya St Pancras, London, saa 3:35, na mume wangu anasema muda unatosha kwa kuwa stesheni ni ile ile. Ni kweli?

JIBU: Hautoshi, dada, hata kama treni ya Leicester haitachelewa dakika moja. Mageti ya Eurostar hufungwa dakika 30 kabla ya kuondoka, kwa hiyo lenu linafungwa saa 4:00 kamili. Mtabaki na dakika 25 za kuteremka hadi chini mkiwa na masanduku, kigari cha mtoto na mama asiyeweza ngazi, kisha kupanga foleni ambayo msimu wa likizo huwa ndefu. Akichelewa mmoja, mmechelewa wote.

Siku hii ihesabuni kama ya ndege, kwa sababu mpaka wa Ufaransa mnauvuka London kabla ya kupanda. Kwanza ni geti la tiketi. Halafu mabegi, makoti na vya mfukoni vinapita kwenye mashine ya eksirei. Kisha mnafika kwa polisi wa mpaka wa Ufaransa, ambao wako hapo hapo St Pancras. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ya Schengen (nchi zisizokaguana mipakani, Ufaransa ikiwemo) ilianza kuwasajili kwa kompyuta wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Wenye pasipoti za Uingereza nao wamo. Kila mmoja hupigwa picha ya uso, na kuanzia miaka 12 huchukuliwa pia alama za vidole. Kwenu, wa miaka 13 atatoa alama. Wa 7 na wa 2 ni picha tu. Usajili hukaa miaka mitatu, kwa hiyo safari ya kwanza ndiyo inayokula muda. Kuweni getini kati ya saa 2:45 na saa 3:00, na mchukue treni ya Leicester inayofika saa 2:30 au kabla. Mkiwa mmekata tiketi mbalimbali, treni ya Leicester ikichelewa, msitegemee kwamba Eurostar itawabadilishia bure.

Kwenye tiketi saa huandikwa kwa hesabu ya 24, hivyo yenu inasoma 10:30. Mama mkwe akitajiwa "kumi na nusu" ataelewa jioni. Mwandikieni kwenye karatasi: saa nne na nusu asubuhi.

Msaada kwa ajili yake uombwe angalau saa 24 kabla, na mueleze hasa: hawezi ngazi, anaweza kutembea hatua chache, anahitaji kiti cha magurudumu hadi mlango wa behewa. Msingoje kuomba siku ya safari. Treni ina urefu wa karibu mita 400 na mabehewa 16 au zaidi, kwa hiyo behewa lenu likiwa la mwisho ni mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye magoti mabovu. Mkichagua viti, tafuteni vinne vyenye meza katikati na viwili jirani yake.

Mtoto chini ya miaka 4 husafiri bure akipakatwa, lakini hapewi kiti. Kwa saa mbili na dakika ishirini, wa miaka miwili atachosha mapaja ya mtu. Kama mfuko unaruhusu, mkatieni kiti.

Mizigo haipimwi kwa kilo. Mtu mzima anaruhusiwa masanduku mawili yasiyozidi sentimeta 85 kwa urefu na mkoba mdogo mmoja. Mtoto mwenye tiketi, sanduku moja na mkoba. Ila hakuna wa kuwabebea. Sanduku moja zito la zawadi mtalinyanyua wenyewe mlangoni, huku watu wakisubiri nyuma. Afadhali mawili ya wastani, na kila moja liandikwe jina.

Kigari cha mtoto hukunjwa kabla ya kuingia. Mkiwa bado chini kwenye ukumbi wa kusubiri, toeni chupa, nepi na kitambaa kwenye kapu lake la chini, maana kikikunjwa mlangoni vyote vinamwagika na chupa inabingirika hadi chini ya treni. Kigari kinakaa kwenye rafu za mwisho wa behewa; anayetangulia ndiye anayepata nafasi. Abiria huanza kuitwa kama dakika 20 kabla ya kuondoka. Mpelekeni mtoto msalani kabla ya hapo.

Waambieni watoto mapema kwamba hawataona bahari wala samaki. Njia ya chini ya bahari ina urefu wa kilomita 50 na kidogo, kama kilomita 38 zikiwa chini ya bahari yenyewe, na treni huipita kwa takriban dakika 20 za giza tupu dirishani. Baadhi ya watu masikio huziba kidogo, kwa hiyo mdogo mpeni kitu cha kunywa. Paris iko mbele ya London kwa saa moja. Mtafika kama saa 7:50 mchana kwa saa za huko. Mwambieni wifi asije stesheni saa 6:50.

SWALI: Naweza kupakia sambusa za nyama, chai ya maziwa kwenye chupa na maembe kwa ajili ya njiani? Na maziwa ya kopo ya mtoto? — Mama wa Croydon

JIBU: Kula na kunywa ndani ya treni ni ruhusa, na hakuna lile sharti la ndege la vinywaji visivyozidi mililita 100. Tatizo ni mpaka. Uingereza haimo tena katika Umoja wa Ulaya, na msafiri haruhusiwi kuingiza huko nyama wala maziwa, hata kidogo cha kula mwenyewe. Sambusa za nyama na chai ya maziwa zimalizeni kabla ya kushuka, au pakieni za dengu na chai ya rangi. Maandazi hayana neno.

Maziwa ya unga ya mtoto yameruhusiwa, hadi kilo 2, yakiwa kwenye kopo la kiwandani na yasiyohitaji friji kabla ya kufunguliwa. Msiyahamishie kwenye mfuko wa plastiki. Matunda mengi hudai cheti cha afya ya mimea, na embe limo. Yasiyodai ni matano: ndizi, nazi, nanasi, tende na duriani.

Visu vya jikoni havipiti ukaguzi, na mbuzi ya kukunia nazi ina chuma chenye makali, kwa hiyo iacheni nyumbani. Mkirudi, kumbukeni kwamba kuanzia tarehe 12 Aprili 2025 Uingereza nayo ilizuia nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe pamoja na maziwa na jibini kutoka Umoja wa Ulaya.

SWALI: Mama amekuja kututembelea kutoka Morogoro kwa viza ya Uingereza. Tunataka twende naye Paris siku tatu. Viza hiyo inamtosha? Na binti yangu ana jina la mwisho la kwangu, si la mke wangu, kuna shida? — Baba wa Birmingham

JIBU: Haimtoshi, kaka. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na kwa kawaida huombwa katika nchi anayoishi mtu. Aliye Uingereza kwa matembezi huenda akakataliwa kuomba huko, kwa hiyo ilifaa ombi lifanywe nyumbani kabla hajaja Uingereza, si mapema zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Mkifikia kwa ndugu, mwenyeji aombe attestation d'accueil (hati ya kumpokea mgeni) kwenye ofisi ya meya ya mtaa wake. Yeye mwenyewe ndiye anayeifuata.

Kuhusu binti: kwetu mtoto hubeba jina la baba, na mama hubaki na la baba yake. Afisa wa mpaka anaona mwanamke na mtoto wenye majina tofauti. Mkeo akisafiri naye bila wewe, abebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili na barua yako ya ridhaa yenye namba ya simu.

SWALI: Tukishuka Gare du Nord, stesheni ya Eurostar Paris, tuna saa moja ya kuwahi treni ya Lyon. Tuko wanne. Inatosha? — Msomaji wa Reading

JIBU: Ni hatari, wekeni dakika 90 au zaidi. Treni za Lyon huondokea Gare de Lyon, stesheni nyingine ya Paris. Treni ya mjini ya RER D inawafikisha kwa vituo viwili tu: Châtelet–Les Halles, halafu Gare de Lyon. Muda hupotea kwenye mashine za tiketi, kwa sababu kadi moja ya nauli haitumiwi na watu wawili katika safari moja. Kila mtu awe na yake. Chini ya miaka 4 ni bure. Teksi ichukuliwe kwenye foleni rasmi nje ya stesheni. Anayekufuata ndani akisema "taxi, taxi" mkataeni.

Gare de Lyon, milango ya TGV (treni ya mwendo kasi ya Ufaransa) hufungwa dakika 2 kabla ya muda. Eurostar ikichelewa, ombeni uthibitisho wa maandishi kutoka kwa wahudumu wake kabla ya kuondoka Gare du Nord, kisha nendeni nao kwenye kaunta ya Gare de Lyon.