Kwa nini nafanya kazi isiyo na mshahara ughaibuni

Ndugu zangu, mmekuwa mkiniuliza mambo mawili: iweje Marekani, pamoja na utajiri wake wote, iwe na watu wanaolala barabarani, na iweje mimi niliyesafiri mbali hivi nikubali kuishi nao bila mshahara. Nitawajibu bila kuficha.

Watu hao wapo, na ni wengi. Wamo walioshindwa kulipa kodi ya nyumba baada ya kuugua au kuachishwa kazi, waliotoka gerezani wakakosa wa kuwapokea, na wenye maradhi ya akili yasiyotibiwa. Wengine wana ajira, ila mshahara haufikii kodi. Kwa hiyo naomba msiwaite wavivu.

Nyumba ninayojitolea, inayowapokea watu wasio na makazi, ni ya Catholic Worker (Mfanyakazi Mkatoliki), vuguvugu la Wakatoliki wanaohudumia maskini, lililoanzishwa New York mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na mwandishi wa habari Dorothy Day pamoja na Peter Maurin. Maurin alishikilia kwamba maneno ya Kristo, “nalikuwa mgeni, mkanikaribisha,” yanamhusu kila Mkristo mwenyewe, wala si jambo la kuiachia serikali. Ndiyo maana tunategemea michango ya watu, na sisi wahudumu tunalala nyumba moja na wageni wetu.

Kazi yenyewe ni kupika, kufua mashuka, kupokea watu mlangoni na, zaidi ya yote, kuhudumia miguu. Mtu akitembea mchana kutwa na viatu vilivyolowa, ngozi ya nyayo zake huwa nyeupe, ikakunjamana na kupasuka, naye akivua soksi huinamisha uso kwa aibu. Unamletea beseni la maji ya uvuguvugu, taulo na soksi kavu, kisha unaketi karibu na kumuuliza habari za watoto wake, hadi asahau kuomba radhi kwa harufu. Hakuna msaada unaopokewa kwa furaha kama soksi mpya.

Kinachoniumiza ni kukataa watu. Vitanda vikijaa, anayebisha hodi usiku wa baridi huambiwa hakuna nafasi, na mara nyingine mimi ndiye ninayemwambia. Wapo pia wanaorudi wamelewa na kutaka ugomvi, ikabidi watolewe ili wengine walale. Sijalizoea hilo, wala sidhani kwamba napaswa kulizoea.

Kuhusu fedha, napewa chumba, chakula na posho ndogo. Sijuti kuja, lakini mwenye wazazi wanaomtegemea kila mwezi asije kwa njia hii, na vijana wanaoniandikia wakidhani ni mlango wa kupata makaratasi wajue kwamba kujitolea hakumpi mtu haki ya ukaazi. Anayevutiwa na kazi hii kwa ajili ya kazi yenyewe ahakikishe kwanza kwamba viza yake inairuhusu, kisha aombe ajibiwe kwa maandishi nani atalipia bima ya afya na atapumzika siku zipi.