Ukiwasha taa mafuta yanaongezeka: umeme wa dashibodi kwenye lori kuukuu

Lori langu liliwahi kupata ugonjwa ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine. Mchana liko sawa kabisa, mshale wa joto umetulia zake, lakini jua likizama tu linaanza kuchemka. Ni lori dogo la dizeli la zamani, tani tatu na nusu, betri mbili, volti 24, nabebea chumvi kutoka Marereni na Gongoni kuja Malindi mjini, na chumvi ikikosekana nabeba mchanga. Basi nikitoka Marereni saa moja jioni, kabla sijafika daraja la Sabaki mshale ushaingia kwenye nyekundu. Naegesha, nazima kila kitu, nainua kabini, namulika kwa simu. Maji yamejaa, hakuna mvuke, hakuna harufu, rejeta ina joto lake la kawaida tu. Nakaa hapo nusu saa nang'atwa na mbu wa mtoni, nikigeuza ufunguo mshale uko chini, nasema alhamdulillahi imepoa, nawasha taa, naondoka, nusu ya njia umepanda tena.

Fundi wa injini wa kwanza aliniambia gasket ya kichwa cha injini. Wa pili akasema si gasket ni thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaing'oa akaitupa kwenye boksi, eti huku pwani kwa joto hili haina kazi (ina kazi bana, dizeli ikitembea baridi inakunywa mafuta na haivuti vizuri, usikubali mtu akung'olee). Huyo huyo akanibadilishia sensa ya joto, mpya, akaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nikalipa. Usiku ule ule nikachemka tena pale pale.

Kitu ambacho sikukiunganisha na hiyo habari ni mafuta. Kuna usiku dizeli iliniishia Mambrui na mshale unaonyesha robo tanki, wallahi robo. Na anayejua dizeli anajua ikikauka si kumimina tu ukaondoka, ni kufungua naati na kutoa hewa mpaka mikono yote inanuka. Nikaona basi geji ya mafuta nayo imekufa, hiyo ni shida nyingine nitaitengeneza siku nyingine. Kumbe ni shida moja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, sisi wote twamwita Ami, ana kibanda chake nyuma ya soko. Nilimpelekea asubuhi injini baridi.

"Ami, gari yachemka."

"Yachemka saa ngapi?"

"Usiku."

"Na mchana?"

"Mchana haichemki."

Akaniangalia hivi. "Mwanangu, injini haijui kama kumekuchwa. Geuza ufunguo, usipige stata. Sasa washa taa."

Nikawasha. Injini baridi kama jiwe, haijawaka tangu jana, na mshale wa joto huoo unapanda polepole, na pembeni yake mshale wa mafuta nao unapanda. Nikazima taa, yote miwili ikashuka. Ami akacheka mpaka akakohoa, akasema we una bahati, ukiwasha taa waongezewa dizeli.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinatokea, manake ukishaelewa hili nusu ya matatizo ya dashibodi utayamaliza mwenyewe. Moto, yaani umeme, unatoka betri unapita fiuzi unafika kwenye geji au taa, sawa, lakini lazima pia urudi betri, na kwenye gari unarudi kupitia mabati ya gari, ndo hiyo mafundi wanaita athi. Sisi wote tukiona kitu hakifanyi kazi tunatafuta moto kama unafika. Hakuna anayeuliza kama unarudi. Nyuma ya dashibodi yangu geji zote na taa zote ndogo za kumulika zilikuwa zinarudisha moto kupitia waya mmoja mweusi uliofungwa kwa skrubu moja kwenye bati. Skrubu ile tulipoifungua ilikuwa na unga wa kijani na kutu chini yake. Mchana geji peke yake zinakula moto kidogo, njia mbovu inatosha. Ukiwasha taa, moto wa zile globu zote unataka kupita hapo hapo, njia haitoshi, volti inajazana upande wa kurudi. Alafu kwenye dashibodi za zamani nyingi kuna kidude kidogo kinachopunguza volti ili geji zipate kiasi kimoja tu wakati wote, na kile kidude kinapima kutoka kwenye athi hiyo hiyo, kwa hivyo athi ikipanda nacho kinatoa volti nyingi kuliko inavyotakiwa. Ndo maana joto na mafuta vinapanda pamoja.

Hapo shika neno moja: geji mbili zikikosea pamoja usinunue sensa. Sensa mbili hazifi siku moja. Angalia kile zinachoshirikiana, yaani fiuzi yao, kile kidude cha volti, na athi. Geji moja ikikosea peke yake ndo ufikirie sensa au waya wake.

Kupima athi unahitaji mita ya umeme ya bei rahisi tu. Weka kwenye volti, waya mweusi wa mita kwenye negativu ya betri, ile inayoenda kwenye chesisi manake kwenye betri mbili usije ukachanganya, waya mwekundu gusa athi ya dashibodi yenyewe. Na hapa ndo watu wengi wanajidanganya: lazima taa ziwe zimewashwa. Ukipima taa zimezimwa utaona sifuri utasema athi nzuri. Ikiwa nzuri na taa zinawaka utaona sifuri nukta moja, labda sifuri nukta mbili. Ukiona nusu volti kwenda juu hapo pana ugonjwa. Yangu ilisoma 1.9.

Dawa yake ilikuwa dakika ishirini. Kwanza ng'oa negativu ya betri, sitaki kusikia mtu ameunguza waya zote kisa spana imegusa. Kwangua bati kwa msasa mpaka ling'ae, si lionekane safi, ling'ae. Tamino mpya ya duara (kile kichwa cha waya), waya mpya, mnene kidogo kuliko wa zamani, funga skrubu pamoja na ile pete yake ya bati, kisha paka grisi juu yake chumvi isiingie. Paka baada ya kukaza, si kabla. Ami aliongeza waya wa pili ukaenda moja kwa moja hadi kwenye boliti kubwa ya chesisi, akasema huku kwetu athi moja haitoshi. Na kweli, gari linakaa karibu na bahari, kusi ikivuma ile unyevu wa chumvi inaingia kila mahali, sasa mimi juu ya hayo nabeba chumvi yenyewe, magunia yanadondoka nyuma, mvua ikinyesha inakuwa maji ya chumvi yanatiririka kwenye chesisi. Lori la Nyahururu huko bara likifika miaka thelathini waya zake bado nzuri, la Gongoni likifika kumi tayari zimekwisha.

Ile sensa kama unataka kuijaribu, chomoa waya wake ufunguo ukiwa umefunguliwa, mshale unatakiwa ulale kwenye baridi. Kisha gusisha ule waya kwenye bati la injini kupitia globu ndogo ya dashibodi, mshale upande. Ukipanda, geji na waya ni vizima, shida ni sensa au athi ya injini. Kwenye gari nyingi za zamani ni hivyo, sensa ikipata joto inapitisha moto zaidi. Usigusishe moja kwa moja ukaacha, unaweza kuunguza geji. Na kama sensa imezungushiwa ile tepu nyeupe kama yangu itoe, manake sensa ya waya mmoja inapata athi kupitia nyuzi zake za kukazia kwenye injini, tepu inaweza kuizuia na ukasoma baridi wakati injini inaungua. Kwenye tanki la mafuta ni wazo lile lile, ila tafadhali kwenye gari ya petroli usilete cheche karibu na tanki, fanyia majaribio huku mbele kwenye dashibodi.

Taa za dashibodi zikififia au zikizima zote kwa pamoja na fiuzi ni nzima, jaribu kwanza kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Watu wengi hata hawajui kipo. Kimekaa miaka hakijaguswa, ndani kimeingia kutu, kizungushe mbele na nyuma mara ishirini hivi, taa zangu zilirudi hapo hapo bila kufungua kitu. Zisiporudi ndo utoe dashibodi uangalie ile karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba nyuma yake, pale globu zinaposhika shaba inakuwa nyeusi. Raba ya penseli ya mtoto wa shule inaisafisha vizuri kuliko msasa, msasa unakula shaba yenyewe.

Nilifanya ujinga mmoja hapo na nausema ili wengine wasiurudie. Nilipofungua dashibodi nikaona bora nitoe globu zote za zamani niweke za LED, za buluu, usiku kabini inang'aa kama ya harusi. Siku ya tatu lori likakataa kuwaka Gongoni, betri zimekwisha. Alteneta, ile inayochaji betri, haikuwa na ubovu wowote. Kumbe ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi si pambo, kwenye alteneta nyingi za zamani moto mdogo unaopita kwenye globu ile ndo unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. LED inapitisha moto kidogo mno, alteneta inalala. Nikarudisha globu ya kawaida pale, injini ikiwaka mita kwenye betri ikaruka kutoka volti 24 hadi 28. Kwa hivyo LED weka kwenye za kumulika tu, na zikikataa kuwaka zigeuze, zina upande. Na kama ile taa nyekundu haiwaki kabisa ukigeuza ufunguo, usifurahi.

Fiuzi sitasema mengi. Nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ikikatika weka ya rangi ile ile, ikikatika tena kuna mahali pamepiga shoti, tafuta. Nimeshaona ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imekunjwa imechomekwa pale badala ya fiuzi, na nimeshaona kabini iliyoungua, sijui kama ni lori lile lile ila rangi ilifanana. Na turniboi wako akikuomba umfungie redio ya volti 12 kwenye betri moja mkatalie, betri moja inachoka nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa mapema. Nunua kile kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12.

Nyuma nako kuna vituko vyake, ukikanyaga breki indiketa inawaka kidogo, ukiweka indiketa taa ya nyuma nayo inakonyeza, unadhani waya zimechanganywa. Hazijachanganywa. Moto umekosa njia ya kurudi kwenye bati la taa, unapita kwenye globu ya jirani kutafuta njia. Chukua waya mrefu, upande mmoja funga negativu ya betri, mwingine gusa bati la taa ya nyuma huku mtu amekanyaga breki. Ikitulia ghafla ikang'aa, ushapata jibu, na huna haja ya kumlipa mtu abadilishe waya zote kutoka mbele hadi nyuma kama nilivyotaka kulipishwa.

Ami alinitoza pesa ya nusu siku, na kahawa. Thamostati niliitafuta kwenye boksi la yule fundi nikaikosa, nikanunua nyingine. Ile sensa ya zamani bado ninayo kwenye droo, nimeipima kwenye sufuria ya maji ya moto, ni nzima kabisa.